Lango Limefungwa, Ardhi Je?

Hotuba hii niliitoa mbele ya wakaazi, wazee wa mitaa na viongozi wa vikundi vya akina mama hapa Mombasa. Wengi waliokosa kufika wameomba kuisoma. Naiweka yote kama nilivyoisema, bila zile picha zilizoonyeshwa ukutani.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, vijana wetu, hamjambo?

Leo nina neno moja tu, na nitalirudia mpaka mlizoee. Kiwanda kikifungwa, sumu haifungwi nacho. Mitambo itang'olewa, wafanyakazi watatafuta kazi kwingine, mwenye mali atapanda ndege aende zake. Ardhi inabaki pale pale, na watoto wanabaki juu yake. Kwa hivyo siku mtakapomsikia kiongozi akijisifu kwamba kiwanda fulani cha sumu amekifunga, mpigieni makofi, anastahili. Halafu mumuulize: lango limefungwa, ardhi je?

Tuanze hapa hapa nyumbani. Nani kati yetu hapajui Owino Uhuru? Kijiji kiko Mikindani, watu kama 3,000, nyumba za mabati na udongo zilizobanana. Kuanzia mwaka 2007 hivi, ukuta kwa ukuta na nyumba hizo, kukawa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Betri ya gari, zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi. Unaipasua, unamwaga asidi, unayeyusha risasi kwenye tanuru, unaiuza nje. Biashara nzuri kwa mwenye tanuru. Lakini moshi ulikuwa unaingia madirishani usiku, maji ya kiwanda yalikuwa yanapita mitaroni kati ya nyumba, na mabati ya paa yalikuwa yanaliwa yakitoboka. Akina mama walipolalamika kwamba watoto wanakohoa, wanatapika, wanatokwa na vipele, waliambiwa ni uchafu wao wenyewe.

Mwaka 2009 kiwanda kile kilimwajiri Phyllis Omido, kazi yake kuhusiana na jamii. Akasimamia tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini ikasema wazi kwamba mahali pale hapafai kwa kazi ile. Hakusikizwa. Mtoto wake aliyekuwa bado ananyonya akaugua, akapimwa, damu ikapatikana na risasi. Jamani, mama alikuwa akimnyonyesha mwanawe kile alichokivuta kazini! Akaacha kazi, akasimama na wanakijiji. Mwaka 2012 alikamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, na mahakama ikamwachilia. Mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka 2015 dunia ikampa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Sasa niwaulize. Hadithi iliishia hapo?

Haikuishia hapo. Wataalamu waliwapima watoto wadogo wa Owino Uhuru baada ya tanuru kuzimwa, wakawapima na watoto wa kijiji kingine hapo Mikindani, kile tunachokiita Bangladesh. Watoto wa Owino Uhuru walikuwa na risasi kwenye damu karibu mara mbili ya wenzao. Moshi haukuwepo tena. Lango lilikuwa na kufuli. Risasi ilikuwa inatoka wapi?

Ilikuwa inatoka chini ya miguu yao.

Wazee wangu, naomba mnivumilie nieleze jambo hili kwa utulivu, maana tusipolielewa hatutajua la kudai. Risasi haiozi. Mvua inaweza kuihamisha, upepo unaweza kuipeperusha, lakini haigeuki kuwa kitu kingine. Ikianguka juu ya udongo inashikamana na tabaka la juu, pale pale mtoto anapotambaa. Mtoto anashika chini, anatia kidole mdomoni. Anaokota embe lililoanguka, anakula. Vumbi linaingia ndani, linakaa kwenye mkeka, kwenye godoro, kwenye nguo zilizoanikwa. Na mwili wa mtoto mdogo unanyonya risasi mara nne mpaka tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Mtoto mwenye njaa, aliyepungukiwa na madini ya chuma na kalisi, ananyonya zaidi. Kwa hivyo ndugu zangu, sumu hii ina tabia ya kumtafuta maskini.

Ikishaingia mwilini inakaa kwenye mifupa na meno miaka na miaka. Msichana aliyekua juu ya udongo huo, akija kubeba mimba, mifupa inaachia, risasi inamfikia mtoto aliye tumboni. Inaharibu ubongo unaokua. Mtoto anakuwa mzito wa kushika masomo, hana utulivu, mwalimu anamwita mtukutu, mzazi anamchapa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Na likaelekeza kwamba mtoto akipatikana na mikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Chanzo kiondolewe! Shikeni maneno hayo. Dawa ya kuitoa risasi mwilini ipo, kwa walio na kiwango cha juu sana. Lakini itamsaidia nini mtoto ambaye jioni anarudi kucheza mahali pale pale?

Nitawapa kisa cha Zamfara, kaskazini magharibi mwa Nigeria. Mwaka 2010 iligundulika kwamba watoto wa vijiji fulani wanakufa kwa degedege. Watu walikuwa wanachimba dhahabu kwa mikono, na ule mwamba wa dhahabu ulikuwa na risasi nyingi ndani yake. Walikuwa wanausaga kwa mashine za kusagia nafaka, ndani ya nyua zao, vumbi likitanda kila mahali. Zaidi ya watoto 400 walikufa. Hebu fikirini, 400. Shirika la tiba la Madaktari Wasio na Mipaka lilikuja na dawa, lakini lilishika msimamo mmoja: kwanza nyumba na udongo visafishwe, ndipo mtoto atibiwe. Udongo wa juu ukakwanguliwa na kuchukuliwa, ukaletwa udongo safi, kijiji baada ya kijiji. Kijiji cha Bagega kilisubiri. Kilisubiri fedha ya serikali kwa zaidi ya miaka miwili, na watoto wa Bagega wakasubiri matibabu nao, kwa sababu kuwatibu bila kusafisha kulikuwa ni kuwarudisha sumuni. Fedha ilitoka mwaka 2013, kikasafishwa, ndipo matibabu yakaanza.

Mnaona uzito wa saini ya afisa mmoja wa hazina? Hospitali ilikuwepo, dawa ilikuwepo, madaktari walikuwepo. Kilichokosekana ni udongo safi.

Na anayedhani ardhi itajiponya yenyewe tukiiacha, aende Kabwe, Zambia. Mgodi wa risasi na zinki ulifanya kazi tangu mwanzo wa karne iliyopita, ukafungwa mwaka 1994. Watoto wanaozaliwa Kabwe leo hawakuuona ukifanya kazi hata siku moja, na mpaka leo wanapatikana na risasi kwenye damu. Miaka zaidi ya 30!

Wala si lazima kuwe na tanuru wala mgodi. Jirani zetu Tanzania wana kisa cha Vikuge, Kibaha, mkoa wa Pwani. Mwaka 1986 walipokea shehena ya dawa za kuua wadudu kutoka Ugiriki, kwa jina la msaada, nyingine zikiwa muda wake umeshapita. Zikawekwa kwenye banda la shamba la serikali. Banda likabomoka, mvua ikanyesha, dawa zikashuka ardhini. Ghala tu, ndugu zangu. Ghala lililosahauliwa.

Sasa tuje kwa serikali, maana ndiyo sababu nimeitwa hapa.

Watu wengi wanasema, "Serikali ilishindwa kumzuia mwenye kiwanda." Mimi nasema tuwe waangalifu na maneno hayo, kwa sababu yanaifanya serikali ionekane kama mpita njia. Nani alitoa leseni? Nani aliweka kiwanda kile chini ya mamlaka ya maeneo ya kuuza bidhaa nje? Nani alikuwa na wajibu wa kuja kukagua? Sheria yetu ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ni ya mwaka 1999, ilikuwepo kabla ya kiwanda. Inasema hakuna mradi wa aina ile unaoruhusiwa kuanza kabla ya tathmini ya athari kwa mazingira kufanywa na kibali kutolewa. Kabla! Tathmini ikifanywa mitambo ikiwa imeshafungwa na tanuru linawaka, inazuia nini? Inabaki ni karatasi ya kupamba faili.

Wanakijiji walikwenda mahakamani mwaka 2016. Hawakumshtaki mwenye kiwanda peke yake. Waliishtaki mamlaka ya mazingira NEMA, wakazishtaki wizara za mazingira na afya, wakaishtaki na mamlaka ya maeneo ya kuuza nje. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikawapa haki: shilingi bilioni 1.3 za fidia, na ardhi isafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 za kazi hiyo ya kusafisha. Na katika kugawa lawama, fungu zito kuliko yote lilimwangukia nani? Lilimwangukia NEMA, yule mlinzi aliyewekwa na sheria. Mahakama iliona kwamba aliyepewa kazi ya kulinda akalala, hawezi kujitoa kwa kusema si yeye aliyewasha moto.

NEMA wakakata rufaa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta ile fidia, ikataka hesabu ifanywe upya. Wanakijiji wakapanda juu zaidi. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha fidia yote pamoja na fedha za kusafisha.

Hesabuni nami. Lango lilifungwa 2014. Neno la mwisho la mahakama likaja 2024. Miaka kumi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kufuli alikuwa ametambaa, amesimama, ameanza shule, amefika madarasa ya juu ya msingi, na wakubwa bado wanabishana nani alipe gari la kuchukua udongo. Sisemi hivi kuwabeza majaji. Hukumu ile ni silaha kubwa na tuitumie kila mahali. Ninachosema ni kwamba mtoto wa miaka miwili hana miaka kumi ya kusubiri. Ubongo wake unajengwa sasa.

Kwa nini tunachelewa hivi? Kwa sababu kila mara tunaanza na swali la nani mkosaji, na swali la nani anaumia linawekwa kando. Wenzetu waliumia wakajifunza kuyatenganisha.

Marekani, mji wa Niagara Falls, kuna mtaa uitwao Love Canal. Kampuni ya kemikali ya Hooker ilizika pale taka kama tani 21,000 kwenye mfereji uliokuwa umeachwa, miaka ya 1942 hadi 1953. Halafu wakaufukia, na mwaka 1953 wakaiuzia bodi ya shule ya mji kwa dola moja. Dola moja! Hati yenyewe ilitaja kwamba kuna kemikali chini, na ikasema kampuni isidaiwe chochote baadaye. Shule ikajengwa, nyumba zikajengwa kandokando, watu wakanunua, watoto wakazaliwa. Onyo lilikuwa limeandikwa, lakini limelala kwenye hati ambayo mama anayenunua nyumba miaka 20 baadaye hakuwahi kuonyeshwa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mvua na theluji zilipozidi, kemikali zikapanda juu, zikaingia vyumba vya chini vya nyumba. Mama mmoja wa mtaa, Lois Gibbs, ambaye mwanawe alikuwa akisoma shule ile, akapita nyumba kwa nyumba akiandika magonjwa ya majirani. Mwaka 1978 hali ya dharura ikatangazwa, na familia zikaanza kuhamishwa.

Kilichofuata ndicho nataka tukishike. Desemba 1980 Marekani ilipitisha sheria inayojulikana kama Superfund. Ilisema mambo mawili makubwa. La kwanza, aliyechafua atalipa, hata kama alichafua kabla ya sheria kutungwa, hata kama wakati ule hakuvunja sheria yoyote. La pili, serikali inaweza kuingia na kusafisha kwanza kwa fedha za mfuko maalum, kisha imfuate mkosaji mahakamani kudai kilichotumika. Ule mfuko ulijazwa kwa sehemu kubwa kwa kodi ya kampuni za mafuta na za kemikali zenyewe. Sheria ile ina kasoro zake, kesi zake ni ndefu na mawakili wametajirika. Lakini mpangilio wake ni wa kiutu: toa mtoto kwenye sumu, halafu gombaneni.

Uingereza nayo iliweka wajibu kwa halmashauri za mitaa. Halmashauri hazikai kusubiri malalamiko. Sheria inazitaka zikague maeneo yao zenyewe kutafuta ardhi iliyochafuliwa. Wakipata, wanaangalia mambo matatu: sumu ipo, njia ya kumfikia mtu ipo, na mtu wa kudhurika yupo. Hapo lazima hatua ichukuliwe. Wa kwanza kudaiwa ni aliyechafua, na asipopatikana, mzigo unaweza kumwangukia mwenye ardhi.

Mtasema, hao wana fedha. Haya, turudi kwetu, tuone tulicho nacho tayari kwenye vitabu vyetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia au umepata hasara. Huhitaji kusubiri mtoto augue! Mama yangu, hilo ni jambo kubwa, si kila nchi inalo. Sheria ya Mazingira inaipa NEMA nguvu ya kutoa amri ya kurejesha mazingira, kumwambia mchafuzi: ondoa, safisha, rudisha ardhi ilivyokuwa. Inaruhusu pia mwenye kazi ya hatari atozwe dhamana kabla hajaanza, fedha iwekwe pembeni, ili akitoroka pawe na cha kusafishia. Na inaanzisha Mfuko wa Kurejesha Mazingira, kwa ajili ya pale ambapo mchafuzi hajulikani. Yote hayo yameandikwa. Kwa hiyo tukikutana na wabunge wetu na maafisa, tusiwaombe tu sheria mpya. Tuwaulize: kiwanda hiki kilichoko pembeni mwetu kimeweka dhamana kiasi gani, na iko benki gani?

Lipo pengo moja ninalotaka lizibwe, na serikali ya kaunti inaweza kuanza. Ukienda kupekua hati kwa msajili wa ardhi kabla ya kununua kiwanja, utaonyeshwa jina la mwenyewe, deni la benki, zuio la mahakama. Hutaonyeshwa kwamba hapo palikuwa na karakana ya kuyeyusha betri. Mtu anauza, wa pili anauza, wa tatu anajenga chekechea. Nataka daftari la ardhi zilizochafuliwa, lililo wazi kwa kila mwananchi, na kwamba kiwanja kilichomo humo kisipewe idhini ya ujenzi mpaka udongo upimwe. Kupima si muujiza. Sampuli ya udongo inachukuliwa kwa koleo, inapelekwa maabara. Marekani kwa miaka mingi ilitumia miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo kama kiwango cha kuanza kuchunguza udongo wa makazi, na mwaka 2024 wakashusha mpaka 200. Walishusha kwa sababu waliona madhara chini ya pale walipodhani ni salama.

Na wakati tunadai hayo, kuna ya kufanya majumbani kesho asubuhi. Mnaokaa karibu na kiwanda cha zamani, karakana za betri au jaa: fagieni kwa kitambaa cha maji, vumbi lisiruke. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kila mara. Viatu vibaki mlangoni. Vijana mnaopasua betri uani ili mkauze risasi kwa kilo, nawasihi kwa mapenzi, msifanye kazi hiyo nyumbani, na nguo za kazi zisiingie chumba anacholala mtoto. Fundi asikubali lori la kifusi kutoka eneo la kiwanda kilichobomolewa bila kujua kilikuwa kiwanda cha nini. Na mama mwenye wasiwasi, mwombe daktari kipimo cha risasi kwenye damu kwa jina lake hasa, maana kipimo cha kawaida cha damu hakiioneshi.

Haya yanapunguza. Hayasafishi. Asije mtu akawaambia kwamba kazi ya serikali imekuwa kazi ya mama mwenye ndoo na kitambaa.

Nimemaliza maneno, kumebaki kazi. Pale mezani kwa katibu kuna daftari. Kila anayejua mahali palipokuwa na karakana ya kuyeyusha madini, kiwanda cha rangi au cha ngozi, ghala la dawa za mashamba, jaa lililofukiwa, aandike jina la mtaa, alama inayojulikana karibu nayo, na mwaka anaokumbuka kilipofungwa. Wazee wangu, ninyi ndio mnaokumbuka mbali, tunawategemea. Jina lako si lazima uliandike. Orodha hiyo tutaipeleka kwa kaunti na nakala kwa NEMA, kwa barua, na tutadai muhuri wa kupokelewa. Kalamu zipo, karibuni.